Njia kwanza, nyumba baadaye: mtaa unaotembeka hupangwa kabla ya ploti kuuzwa

Anayesafiri kutoka Mtwapa hadi Malindi hukutana na mabango mengi ya ploti. Mara nyingi bango hutaja mambo matatu: ukubwa, ambao aghalabu ni futi 50 kwa 100, bei, na umbali kutoka barabara kuu. Maswali ambayo bango halijibu ndiyo yatakayoamua maisha ya mnunuzi kwa miaka 30 ijayo. Njia ya kuingia ina upana gani? Maji ya masika yatapita wapi? Mtoto atasoma shule ipi, na atafika kwa miguu au kwa nauli? Kuna ardhi yoyote iliyoachwa kwa ajili ya zahanati, soko au uwanja?

Kaunti yetu inakua haraka. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu wakaazi 1,109,735 katika Kaunti ya Kilifi. Sensa ya 2019 ilihesabu 1,453,787. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu 344,000 katika miaka kumi, karibu thuluthi moja ya idadi ya awali. Watu hao wanahitaji mahali pa kuishi, na shinikizo hilo linaonekana wazi katika Malindi, Watamu, mji wa Kilifi, Mtwapa na Mariakani, ambako mashamba ya mikorosho na minazi yanageuka kuwa mitaa.

Makala haya yanaeleza jambo moja ambalo kila mkaazi anafaa kulijua: gharama ya kuishi katika mtaa, usalama wa anayetembea humo, na jinsi mtaa huo utakavyostahimili mvua na joto, huamuliwa zaidi siku shamba linapokatwa ploti kuliko siku nyumba zinapojengwa. Mstari wa njia unapochorwa kwenye ramani kabla ya ploti kuuzwa, gharama yake ni ndogo. Mstari huo huo ukichorwa baada ya nyumba kusimama, gharama yake ni fidia, ubomoaji na kesi.

Mtaa unaotembeka ni upi?

Mtu mzima mwenye afya hutembea kilomita moja kwa takriban dakika 12 hadi 15. Kwa hivyo, wapangaji wa miji hupenda kupima mtaa kwa dakika. Ukiweza kufika dukani, msikitini au kanisani, kwenye bomba la maji na kituo cha tuktuk kwa dakika tano, na shuleni na zahanati kwa dakika kumi hivi, unaishi katika mtaa unaotembeka. Dakika tano ni kama mita 400, na dakika kumi ni kama mita 800.

Umbali huo haupimwi kwa ndege bali kwa njia iliyopo. Chukua mfano wa shule iliyo mita 300 kutoka nyumbani. Ikiwa katikati pamejengwa ukuta mrefu wa shamba lililouzwa bila kichochoro, mtoto atalazimika kuzunguka hadi barabara kuu na kurudi. Mita 300 zinageuka kuwa zaidi ya kilomita moja, tena kando ya matrela na matatu. Shule haikuhama. Kilichopotea ni njia ya futi chache tu.

Wavuvi na wachuuzi wa pwani wanalijua tatizo hili kuliko mtu yeyote. Mahali ambapo hoteli na nyumba za kifahari zimepangana bila kuacha njia ya umma, bandari ndogo ya kuvulia inaweza kuwa karibu kwa macho na mbali kwa miguu. Mvuvi aliyebeba samaki hawezi kuzunguka ukuta wa nusu kilomita bila kupata hasara, kwani jua la saa sita halingoji.

Kutembea pia ni suala la mfuko. Tuseme mama anayeuza nguo sokoni analipa shilingi 50 za tuktuk kwenda na 50 kurudi, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 2,600 kwa mwezi, au 31,200 kwa mwaka. Nyumba ya kodi nafuu iliyo mbali na kila kitu huweza kuwa ghali kuliko nyumba ya kodi kubwa kidogo iliyo karibu na soko. Hili ni la kukumbukwa hata wakati huu ambapo taifa linajenga nyumba za bei nafuu chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, inayogharamiwa kwa tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi na kiasi sawa na hicho kutoka kwa mwajiri. Bei ya nyumba ni nusu ya hesabu, na nusu ya pili ni mahali ilipo.

Hesabu ya eka moja

Watu wengi huamini kuwa njia pana na viwanja vya umma hupunguza ardhi ya kuuza, na kwa hivyo hupandisha bei. Hebu tufanye hesabu.

Eka moja ina futi za mraba 43,560. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina futi za mraba 5,000. Ukikata eka moja katika ploti nane za namna hiyo, umetumia futi za mraba 40,000. Zinabaki 3,560 tu kwa njia, yaani asilimia 8 hivi. Eka ikiwa ya mraba, kila upande una takriban futi 209, na masalio hayo yanatoa njia moja ya upana wa futi 17. Magari mawili yakipishana hapo, hapabaki nafasi ya mtaro, ya mti, wala ya mtu anayetembea.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Makaazi, UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, linapendekeza kuwa angalau asilimia 30 ya ardhi ya mtaa wa mjini iwe ya njia na barabara. Hayo ni mapendekezo, si sheria ya Kenya, na yanahusu mtaa mzima badala ya kila kipande cha ardhi. Hata hivyo, tuyatumie kwenye eka yetu. Asilimia 30 ni futi za mraba 13,068. Zinabaki 30,492 za kujengea. Tukikata ploti za futi 40 kwa 50, kila moja ikiwa na futi za mraba 2,000, tunapata ploti 15.

Sasa tuseme eka hiyo imenunuliwa kwa shilingi milioni 4. Kwa mpango wa kwanza, kila mmoja wa wanunuzi wanane anabeba shilingi 500,000 za ardhi. Kwa mpango wa pili, kila mmoja wa wanunuzi 15 anabeba takriban shilingi 267,000. Njia zimeongezeka karibu mara nne, familia zimeongezeka karibu maradufu, na mzigo wa kila familia umepungua kwa karibu nusu. Nyumba ya futi za mraba 800, yenye vyumba viwili au vitatu, bado inaenea kwenye ploti ndogo na kuacha ua.

Wakaazi wakiwa karibu karibu, huduma nazo huwa nafuu. Bomba moja la maji linahudumia nyumba nyingi zaidi kwa kila mita inayochimbwa. Vivyo hivyo taa ya barabarani, nguzo ya umeme na lori la taka. Duka la mtaani linapata wateja wa kutosha bila kusubiri wenye magari. Mama wa mahamri na mbaazi za asubuhi, fundi cherehani na kinyozi wanaweza kufanya kazi hatua chache kutoka nyumbani kwao.

Mpango huo una masharti yake, na tusifiche. Mwamba wa pwani yetu ni wa matumbawe, una matundu, na maji hupenya kwa urahisi. Ploti ndogo 15, kila moja na choo chake cha shimo na kisima chake, ni hatari kwa afya, kwa sababu uchafu wa choo kimoja hufika kwenye kisima cha jirani. Mtaa wa ploti ndogo unahitaji maji ya bomba na mfumo wa pamoja wa maji taka, hata kama ni tangi moja kubwa lililopimwa vizuri na linalofikiwa na gari la kunyonya. Ndiyo maana njia lazima ije kwanza: gari hilo halipiti kwenye kichochoro cha futi sita.

Maji ya masika na jua la Kaskazi

Mabadiliko ya tabianchi yanatufikia kwa njia mbili tunazozijua sote: mvua kubwa zinazoshuka kwa muda mfupi, na joto. Wakaazi wa kando ya Mto Sabaki, hasa upande wa Magarini na Malindi, hawahitaji kuelezwa maana ya mafuriko. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na zile za mwishoni mwa 2023 zimebaki katika kumbukumbu.

Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye eka moja, humwaga zaidi ya lita 200,000 za maji. Shamba lenye miti na mchanga hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Shamba hilo hilo likifunikwa kwa mabati na saruji, maji hukimbia, na hukimbilia nyumba iliyo bondeni. Mtaa uliopangwa huacha mikondo ya asili ya maji wazi, huweka mtaro kando ya kila njia, na huhakikisha mtaro huo unaishia mahali fulani badala ya kumalizikia kwenye ua wa mtu. Ardhi oevu, kingo za mito na mikoko ya Mida, Mtwapa na hori la Kilifi si ardhi iliyokosa mwenyewe. Inafanya kazi ya kupokea maji na kuzuia mawimbi, na ikijazwa kifusi, kazi hiyo itaangukia mfuko wa umma.

Sehemu ya maji hayo inaweza kuwa faida. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua hiyo ya milimita 50 hukusanya hadi lita 3,000, yaani tangi zima la ukubwa unaopatikana madukani. Kwa mitaa inayotegemea maji ya Baricho, na ambayo bomba hukauka mara kwa mara, tangi hilo ni akiba ya siku kadhaa.

Kuhusu joto, dawa ya kwanza ni kivuli. Hakuna anayetembea kwa hiari saa nane mchana katika barabara isiyo na mti. Mwarobaini, mkungu, mkwaju na mwembe huota vyema kwetu, lakini mti wa barabarani unahitaji nafasi iliyotengwa kwenye ramani, la sivyo utakatwa siku mwenye ploti atakapojenga ukuta. Dawa ya pili ni upepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kati ya Novemba na Machi, na Kusi kutoka kusini mashariki katikati ya mwaka. Njia na madirisha yakielekezwa vyema, upepo huo hupoza mtaa bila bili ya umeme. Kuta ndefu zisizo na mwanya huuzuia.

Wahenga wetu walijua

Wapo wanaodhani mtaa wa kutembea ni wazo lililoletwa kutoka Ulaya. Jibu liko Gede, kilomita chache kutoka Watamu. Mji huo wa kale wa Waswahili, ulioachwa na wakaazi wake kufikia karne ya 17, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwezi Julai 2024. Ukuta wake wa nje ulizunguka takriban eka 45. Kwa ukubwa huo, mtu angeweza kuuvuka mji kutoka upande mmoja hadi wa pili kwa chini ya dakika kumi. Ndani yake kuna msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima, vyoo na nyumba za mawe ya matumbawe zenye nyua, zote zikiunganishwa kwa njia nyembamba.

Mji wa kale wa Lamu, uliowekwa katika orodha hiyo mwaka 2001, bado unaishi kwa mpango kama huo: njia nyembamba zenye kivuli, kuta nene, na baraza mbele ya nyumba ambapo jirani huketi na kuona anayepita. Macho hayo ya barazani ni ulinzi pia. Hatuhitaji kurudi karne ya 15, na gari la wagonjwa na la zimamoto lazima lifike kila mtaa wa leo. Tunachoweza kuchukua ni kanuni: karibu karibu, kivuli, ua wa ndani, na njia inayounganisha badala ya kufunga.

Na wasio na hati?

Swali gumu zaidi pwani ni la ardhi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliruhusu watu kudai umiliki binafsi katika ukanda wa pwani, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Familia nyingi ziliendelea kulima na kuishi mahali pao bila jina lao kuandikwa popote. Hadi leo, wako wakaazi wenye nyumba zao juu ya ardhi ya mtu mwingine. Kwao, neno "mipango" huleta hofu, kwa sababu huenda likaja na tingatinga.

Hofu hiyo haiondolewi kwa maneno. Inaondolewa kwa utaratibu unaomlinda aliyepo. Kenya ina mifano ya kujifunza.

Mfano wa kwanza uko kwa majirani zetu wa Taita Taveta. Katika mtaa wa Tanzania-Bondeni mjini Voi, mnamo miaka ya 1990, wakaazi waliokuwa wakiishi bila hati waliamua kumiliki ardhi kwa pamoja kupitia dhamana ya jamii. Ardhi ni ya jamii, nyumba ni ya mtu binafsi. Mkaazi anaweza kuuza nyumba yake, lakini ardhi haiuzwi kwa mlanguzi, na hivyo maskini hasukumwi nje pindi huduma zinapofika na thamani kupanda.

Mfano wa pili ni Mukuru, Nairobi. Mwezi Agosti 2017, Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la mipango. Takriban familia 100,000 ziliishi humo. Badala ya mpango kuchorwa ofisini, mashirika ya wakaazi, likiwemo Muungano wa Wanavijiji, yalishirikiana na wataalamu kuhesabu nyumba na kujadili njia zipite wapi. Mjadala wa upana wa njia ulikuwa mgumu, kwani kila mita iliyoongezwa ilimaanisha milango zaidi ya kubomolewa. Funzo lake ni kwamba katika mtaa ambao tayari umejaa, njia nyembamba kidogo iliyokubaliwa na wote ni bora kuliko njia pana ya kwenye karatasi ambayo haitajengwa kamwe.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inaruhusu kaunti yoyote kutangaza eneo maalum la namna hiyo na kusimamisha ujenzi kwa muda usiozidi miaka miwili ili mpango ukamilike. Vilevile, mradi wa kitaifa wa kuboresha mitaa duni, KISIP, ulioanza mwaka 2011, umejengwa juu ya wazo la kuweka barabara, mitaro, taa na hati bila kuwahamisha wakaazi kwa wingi.

Nani huchora mstari?

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, mipango ya kaunti, barabara za kaunti, taa za barabarani na maegesho ni kazi ya serikali ya kaunti. Barabara kuu ya Mombasa hadi Malindi ni ya serikali ya taifa kupitia KeNHA. Ndiyo sababu malalamiko kuhusu kivuko cha watoto kwenye barabara kuu na malalamiko kuhusu kichochoro cha mtaani huenda kwenye ofisi mbili tofauti.

Mpango wa anga wa kaunti huandaliwa kwa miaka kumi. Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, CIDP, ni wa miaka mitano, na uliopo sasa ni wa 2023 hadi 2027. Manispaa nazo huandaa mipango yake chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011. Kisha kila mwaka kuna Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao sheria ya fedha za umma inataka ufikishwe katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti huwasilishwa kufikia tarehe 30 Aprili.

Tarehe hizo zina maana kwa mtu wa kawaida. Mtaro wa mtaa wenu usipotajwa katika mpango wa mwaka, itakuwa vigumu kuupatia fedha katika bajeti inayofuata, hata kama kila mtu anakubali kuwa unahitajika. Mkutano wa maoni ya umma katika wadi ndipo mahali pa kuutaja, kwa jina la njia na urefu wake. Ombi la "tunataka barabara" hupotea. Ombi la "tunataka njia ya waendao kwa miguu, mtaro na taa, kutoka shule ya msingi hadi zahanati, mita 600" linaweza kuandikwa, kukadiriwa gharama na kufuatiliwa.

Nairobi ilionyesha mwaka 2015 kuwa kaunti inaweza kujifunga kwa kiwango. Sera yake ya usafiri usiotumia injini iliweka lengo la kutenga angalau asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa waenda kwa miguu, baiskeli na usafiri wa umma. Kuandika lengo si sawa na kulitimiza, lakini lengo lililoandikwa humpa mkaazi kitu cha kuuliza.

Kwa upande wa ujenzi, sheria ya 2019 inasema hakuna maendeleo, ikiwemo kukata ardhi katika ploti, bila kibali cha kaunti. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kifungo cha hadi miezi miwili, au yote mawili. Sheria hiyo inaibana kaunti pia: mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali huchukuliwa kuwa kimetolewa. Mwombaji au mtu mwingine anayehusika asiporidhika na uamuzi, ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya uhusiano wa mipango ya ardhi, nayo kamati ina siku 14 za kuamua.

Zingatia maneno hayo, "mtu mwingine anayehusika". Jirani ambaye njia yake inazibwa naye ana haki ya kukata rufaa. Ukiona tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi au la kukata shamba karibu nawe, lisome siku hiyo hiyo na utazame muda wa pingamizi uliotajwa.

Kwa nini tusisubiri kupanua baadaye?

Kwa sababu Kifungu cha 40 cha Katiba kinamlinda mwenye mali. Serikali ikichukua ardhi kwa matumizi ya umma lazima ilipe fidia ya haki, na ni sawa iwe hivyo. Lakini fidia hiyo hutoka kwenye mfuko ule ule wa dawa, karo za chekechea na maji. Shilingi inayolipwa kununua tena njia ambayo ingeachwa bure miaka kumi iliyopita ni shilingi ambayo haikununua dawa. Katikati ya hapo, kuna familia iliyojenga kwa akiba ya maisha yake juu ya mstari ambao hakuna aliyewaonyesha.

Kabla ya kulipa arbuni

Ikiwa unafikiria kununua ploti, au familia yenu inapanga kukata shamba, yafanyeni haya kabla fedha hazijabadilisha mikono:

Fanya upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi ili ujue mwenye ardhi ni nani, na kama ina deni au zuio.

Omba kuona mpango wa ukataji ulioidhinishwa na kaunti, wenye muhuri na nambari. Mchoro wa dalali si kibali.

Nenda na mpima ardhi aliyesajiliwa akuonyeshe mawe ya mipaka. Pima upana wa njia kwa kamba, usiupime kwa macho.

Fuata njia hiyo hadi mwisho wake. Je, inaungana na njia ya jirani, au inagonga ukuta?

Tembea kutoka kwenye ploti hadi shule, zahanati na soko, ukihesabu dakika. Ukiweza, tembea tena baada ya mvua kubwa.

Waulize wakaazi wa muda mrefu maji hupita wapi wakati wa masika. Mzee wa mtaa huijua mikondo ambayo haionekani wakati wa kiangazi.

Uliza ni ardhi ipi imetengwa kwa matumizi ya umma, na kama imekabidhiwa kwa umma kwa maandishi. Kiwanja cha shule kilichobaki kwa jina la muuzaji kinaweza kuuzwa kesho.

Kwa familia zinazokata shamba la urithi, zungumzeni na majirani mnaopakana nao kabla ya kumwita mpima. Mashamba matatu yakipangwa pamoja, njia moja nzuri huyahudumia yote. Yakipangwa kila moja peke yake, kila shamba litatoa njia yake nyembamba inayoishia ukutani.

Maswali kuhusu kibali, upana wa njia au ardhi ya umma yapelekwe katika ofisi za mipango za manispaa ya Malindi au Kilifi, au kwa msimamizi wa wadi yako, ambaye yuko katika kila moja ya wadi 35 za kaunti. Nenda na nambari ya ploti na nakala ya mchoro uliopewa. Kuuliza ni bure, na mahali pa kuanzia ni kabla ya jiwe la kwanza la msingi kuwekwa.